Nyota tatu za jirani: tunavyosoma maoni ya wateja wa washindani kabla ya kuandika chochote (uzi mrefu)

mwandishi_wa_moshi (mleta uzi)

Wakuu salaam.

Kazi yangu ni kuandika. Naandikia kampuni ndogo ya hapa Moshi inayopandisha wageni Kilimanjaro: makala za tovuti, posti za Instagram, barua pepe za kumjibu mtu anayeulizia bei. Kwa miaka miwili niliandika yale ambayo kila kampuni mjini inaandika. Paa la Afrika, mita 5,895, waongozaji wenye uzoefu, huduma bora kwa bei nafuu, na ile picha ya tembo mlima ukiwa nyuma yake. Siku moja nilichukua ukurasa wetu wa mbele, nikafuta jina letu, nikaweka jina la kampuni ya jirani. Ukasomeka vilevile. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hakuna aliyekuwa anatuchagua kwa sababu ya maandishi yetu.

Ikaja masika. Mwezi wa nne wageni ni wachache, ofisi imetulia, mvua inapiga bati. Nikafungua Tripadvisor, tovuti ambako wasafiri huandika maoni, na Google, nikachagua kampuni saba zinazogombania wageni walewale tunaowataka sisi, nikaanza kusoma walichoandikiwa na wateja wao. Nilisoma wiki nzima. Nataka niwaeleze nilichokikuta, kwa sababu nadhani kinamfaa hata asiye na habari ya mlima.

Kwanza, achaneni na maoni ya nyota tano kwa muda. Nyota tano ni shukrani. Mtu amefika kileleni, amelia, amemkumbatia mwongozaji, anaandika akiwa bado na furaha. Utajua kwamba alifurahi, basi. Nyota moja nayo mara nyingi ni ugomvi mmoja: begi lilipotea uwanja wa ndege, dereva alichelewa, mtu ana hasira za siku moja. Kaa kwenye nyota tatu na nne. Huyo ni mtu aliyetulia, anayetaka kutenda haki. Atasifu chakula, atasifu wapagazi, halafu ataandika "isipokuwa". Kinachofuata baada ya neno hilo ndicho unachokitafuta.

Nilichora daftari safu nne. Alitarajia nini. Alikuta nini. Angependa kuambiwa lini. Na ya nne, maneno aliyotumia yeye mwenyewe, bila kuyasafisha. Safu ya tatu ndiyo iliyobadilisha kazi yangu yote. Karibu kila lalamiko lilikuwa na jibu moja: angependa kuambiwa kabla hajalipa, au kabla hajafunga begi.

Mfano wa baridi. Wageni wa kampuni karibu zote saba walilalamika kuhusu usiku wa kilele, yaani usiku wa mwisho wa kupanda. Ukisoma haraka utadhani wanalalamikia baridi, na hakuna kampuni inayoweza kupasha mlima joto. Soma polepole. Mmoja anasema alibeba mfuko wa maji wenye mrija, mrija ukaganda njiani, akapanda saa nyingi bila kunywa. Mwingine simu ilizima akiwa kileleni, hana picha hata moja. Hawa wanalalamikia kutoambiwa. Nikaenda kwa mwongozaji wetu mkuu na daftari langu, nikamuuliza, akanijibu huku anakunywa chai: mrija unaganda kwanza kwa sababu maji yaliyomo ni kidogo, kwa hiyo ukishakunywa, puliza maji yarudi mfukoni. Chupa ibebe kichwa chini, maana barafu huanzia juu na mdomo wa chupa utabaki wazi. Simu na betri viwe ndani ya koti, karibu na mwili. Amekuwa akiwaambia wageni haya miaka yote, hemani kwenye kambi ya Barafu, jioni ya kuamkia safari ya kileleni. Yaani wakati mgeni hawezi tena kununua chupa.

Nikaandika makala moja tu kuhusu hilo: maji yako usiku wa kilele. Haina paa la Afrika wala tembo. Mpaka leo ndiyo makala ambayo wageni wanaitaja wakituandikia mara ya kwanza.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao ni idadi ya siku. Kuna maoni mengi ya watu waliogeuka kabla ya kilele, wakamlaumu mwongozaji kwamba aliwakimbiza. Nikawa naangalia ratiba waliyouziwa. Wengi ni njia ya Marangu, siku 5. Hesabu ni hii: usiku wa kwanza kambi ya Mandara, kama mita 2,700. Wa pili Horombo, kama 3,720. Wa tatu uko Kibo, 4,720, na hulali, maana karibu saa sita usiku unaamshwa kwenda kileleni. Mwili haujapewa nafasi. Linganisha na njia ya Machame, siku 7, ambapo unapanda mpaka Lava Tower, karibu mita 4,600, halafu siku hiyohiyo unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini. Kila anayefanya kazi mlimani anayajua haya. Siku fupi zinauzwa kwa sababu kila siku inayoongezeka ina ada ya hifadhi, ada ya kambi, mishahara, chakula, na VAT juu yake. Mgeni anayelinganisha bei tatu kwenye skrini haoni hayo, anaona namba ndogo.

Basi tukaandika wazi: kwa nini safari ya siku 5 ni ya bei rahisi, pesa inayopungua inapungua wapi, na kwa nini sisi hatuiuzi. Bosi aliogopa. Kuna watu wanaosoma na kuondoka, na waondoke salama. Wanaobaki wanatuuliza maswali mengine kabisa, nao wanafika wakiwa wamejiandaa.

Karibuni mchangie. Nitajibu kadiri ninavyoweza.

---

mdau_wa_karatu

Mkuu, uzi mzito. Lakini nina mashaka mawili. Maoni mengi ya mtandaoni ni ya kupika, kampuni zinaandikiana vibaya na kujisifia zenyewe. Utajengaje mkakati juu ya uongo? La pili, hii haifanani na kumchungulia jirani ili umchafue?

---

mwandishi_wa_moshi

La kwanza ni kweli, ya kupika yapo. Ndiyo maana siamini oni moja. Natafuta jambo linalojirudia kwa kampuni tofauti, miezi tofauti, watu wa nchi tofauti. Mjerumani, Mmarekani na Mhindi wakilalamika kwamba mrija uliganda, hawakukaa kikao. Na aliyeishi jambo huandika vitu vidogo visivyomsaidia mtu yeyote: alipewa bisi na chai alipofika kambini, zipu ya hema iligoma, mpishi aliimba. Wa kupika huandika sifa tupu au matusi matupu.

La pili, hapana, na nalisema kwa moyo wote. Sijawahi kuandika jina la kampuni nyingine, na sitaandika. Nikisoma kwamba mgeni wa jirani alilala na njaa, sipati cha kumshtaki jirani. Napata swali la kujiuliza sisi: je, wa kwetu anajua atakula nini siku ya nne?

---

dada_wa_jambiani

Assalaam aleykum. Mimi niko Unguja, upande wa mashariki, nafanya kazi hoteli ndogo. Mleta uzi umeniamsha, maana sisi tulifika palepale kwa njia ya bahari.

Hoteli za pwani yetu zinaandikiwa lalamiko moja miaka nenda rudi: mgeni kaamka asubuhi, kavaa nguo ya kuogelea, katoka, bahari hakuna. Maji yamekupwa mpaka kule kwenye mwamba. Anahisi kadanganywa, kwa sababu picha zote kwenye tovuti zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Na kweli, nani kapiga picha ya kupwa akaiweka mbele?

Tukasoma maoni ya majirani zetu, nikagundua kuna watu wawili tofauti. Mmoja anasema bahari iliondoka, likizo imeharibika. Mwengine, hoteli hiyohiyo, wiki nyengine, anasema siku yake nzuri kuliko zote ni alipotembea kwa miguu ndani ya bahari, akawaona kina mama wakifunga mwani kwenye kamba. Bahari moja, kupwa kumoja. Tofauti ni kwamba wa pili kuna mtu alimwambia.

Sasa tunaandika saa za maji kila wiki. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, yakitoka yanatoka kweli. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Na kila siku saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo mgeni wa siku saba hawezi kukosa maji mazuri ya kuogelea mchana, mradi ajue siku gani. Tunamwambia pia avae viatu akitembea kwenye kupwa, na asikanyage kamba za mwani za watu, maana ile ni riziki yao.

Tena tukaweka picha mbili kando kwa kando, sehemu moja, siku moja, maji yamejaa na maji yamekupwa. Meneja alikataa mwanzo. Anayetaka kuogelea saa zote tunamwambia waziwazi aende kaskazini, Nungwi au Kendwa, kule kupwa hakumsumbui sana. Kuna waliotuandikia kushukuru, wakagawa likizo yao: siku nne huko, siku tatu kwetu.

---

mwandishi_wa_moshi

Dada yangu, hiyo ya picha mbili ni somo kamili. Naomba ruhusa nilibebe wazo hilo mlimani: hema la kulia chakula siku ya jua na siku ya ukungu.

---

mdau_wa_karatu

Nimeridhika na jibu. Swali jingine la kisheria. Mtu akitaka kunakili maoni yenyewe, akayaweka kwenye posti yake kwamba "wageni wa kampuni fulani wanasema hivi", kuna shida?

---

mshauri_wa_biashara_dar

Naomba nijibu hili, ndiyo eneo langu. Shida ipo ya pande kadhaa. Maandishi ni ya aliyeyaandika, na mtandao alioyaweka una masharti yake. Jina na picha ya mtu ni taarifa binafsi, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Na ukimtaja mshindani kwa namna inayompotosha mteja, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu nzima kuhusu mwenendo wa kupotosha, na Tume ya Ushindani ipo. Soma, elewa, kisha andika kwa maneno yako kuhusu huduma yako. Njia ya mleta uzi ndiyo salama.

Na msithubutu kununua maoni wala kuwapa wageni punguzo ili waandike vizuri. Tripadvisor wanakataza zawadi kwa ajili ya maoni, na Marekani, ambako wageni wengi wa mlima na mbuga wanatoka, tangu Oktoba 2024 kuna kanuni ya serikali ya kupiga marufuku maoni ya kughushi, ya kuuza na ya kununua.

---

mwanafunzi_wa_masoko

Asanteni wakuu. Mimi nasoma chuo, nafanyia majaribio duka la shangazi la vitenge. Je, siwezi kuipa akili bandia maoni yote ikanifupishia? Mtu kusoma wiki nzima ni kazi.

---

mwandishi_wa_moshi

Mdogo wangu, nimejaribu. Inasaidia kupanga: haya ni ya chakula, haya ya vifaa, haya ya bei. Inasaidia pia kutafsiri, maana Wajerumani na Wafaransa huandika kwa lugha zao na mara nyingi ndio wanaoeleza kwa undani. Lakini muhtasari ulinirudishia "wateja wanahitaji mawasiliano bora". Ukiandika makala kutokana na sentensi hiyo, unarudi kulekule kwenye huduma bora kwa bei nafuu. Mama aliyeandika kwamba aliogopa kuuliza choo kiko wapi usiku kwa sababu hema zote zilikuwa kimya, huyo hayumo kwenye muhtasari. Na ndiye aliyenifundisha.

Kwa duka la shangazi usianze na mamia. Chukua maduka matatu yanayouza vitenge mtandaoni, soma wateja wanachouliza chini ya picha. Najua bila kufungua: rangi itachuja? Ni yadi ngapi? Nguo ya mtu mnene inatoka? Kipande kikifika na dosari nitarudisha? Kila swali ambalo muuzaji hakujibu ni posti yako ya kesho. Piga picha kitenge kabla ya kufuliwa na baada ya kufuliwa mara tano.

Na kwa kuwa nimemtaja yule mama wa choo, niseme kosa langu. Baada ya kuona malalamiko ya vyoo kila mahali, nilikimbia kuandika makala nzuri kuhusu choo cha kubebeka ndani ya hema lake, usafi, faragha. Ikapata wasomaji. Ila sisi tulikuwa navyo viwili tu, na mwezi wa nane tulikuwa na makundi matatu mlimani kwa pamoja. Kundi la tatu lilikwenda bila choo. Mgeni alirudi Moshi, akakaa mbele yangu ofisini, akafungua simu, akanionyesha makala yangu. Hakupandisha sauti. Alisoma sentensi yangu moja, akanitazama. Nilimrudishia sehemu ya fedha, lakini ile sura haijanitoka.

Tangu siku hiyo daftari lina safu ya tano: sisi tunafanya? Jibu likiwa hapana, ukurasa unakwenda kwanza kwa bosi na kwa watu wa stoo. Makala inasubiri. Kuna moja imesubiri miezi minne mpaka vifaa vikanunuliwa.

---

mgumu_mstaafu

Nimesoma uzi wote kimya. Nilikuwa mpagazi miaka tisa, sisi tunaitana wagumu. Sasa nina duka Himo. Nataka kuuliza: katika hayo maoni uliyosoma, wageni wanasema nini kuhusu bakshishi?

---

mwandishi_wa_moshi

Mzee wangu, shikamoo. Wanasema sana, na inauma. Mgeni anaandika kwamba siku ya mwisho aliwekwa mbele ya watu kumi na tano wanaoimba, akaambiwa atoe, hana fedha taslimu za kutosha, hajui nani apewe kiasi gani, akaona aibu. Nyota tatu. Wengine wanasema walihisi wametegwa.

---

mgumu_mstaafu

Marahaba. Sasa sikiliza upande wa pili. Mgeni akiona aibu, anayelala na aibu hiyo ni mpagazi. Umebeba kilo 20 siku saba, mzigo wake, hema lake, gesi, umefika kambini kabla yake ili akute chai. Siku ya mwisho mgeni hajajiandaa, anatoa alichonacho, anampa mkubwa mmoja, na wewe hujui kilichofika ni kiasi gani. Nimeshuka mara nyingine na hela ya nauli tu. Sikumchukia mgeni. Hakuna aliyemwambia.

Wewe unayeandika, hilo ndilo liandike.

---

mwandishi_wa_moshi

Nimelisoma jibu lako mara tatu, mzee. Tulikuwa na aya moja tu kuhusu bakshishi, chini kabisa ya ukurasa wa bei. Leo nimekaa na bosi na waongozaji wawili. Tumekubaliana ukurasa mzima, utumwe kwa mgeni siku anapolipa amana: timu yake ina watu wangapi na kila mmoja anafanya nini, mshahara tunaolipa sisi bila kutegemea bakshishi, kiasi kinachotarajiwa kwa mwongozaji, mpishi na mpagazi, aje na noti gani, na kwamba anampa kila mtu mkononi mwake. Tumepitia pia miongozo ya KPAP, wale wanaotetea maslahi ya wapagazi, tusiandike kitu kilicho chini ya hapo. Safu ya tano imejazwa kwanza, kabla sijagusa sentensi.

Naomba jambo moja: nikimaliza rasimu nikutumie, uisome kabla ya mgeni yeyote?

---

mgumu_mstaafu

Tuma. Na usisahau bahasha. Mwaka wangu wa mwisho mama mmoja alikuja nazo kutoka kwao, kila moja imeandikwa jina, alituuliza majina siku ya kwanza pale getini Machame na kuyaandika. Langu alikosea herufi moja. Ile bahasha ninayo mpaka leo.